Nyumba Isiyo na Moshi

Daftari langu lina jalada la bluu, aina ile ile ambayo wanafunzi wangu walikuwa wakifanyia hesabu. Upande wa kushoto nimechora safu tatu kwa rula: jina, ahadi, kilicholipwa. Hizo kila mhazini wa harusi au wa msiba anazijua. Upande wa kulia nimechora nyingine tatu: nyasi, fito, siku za kazi. Kijana mmoja wa ukoo wetu aliyekuja kutoka Arusha alilifungua, akautazama ule upande wa kulia, akaniuliza, "Shangazi, hizi nazo zinawekwa benki gani?" Nikamwambia akae kitako, maana safu zile ni za zamani kuliko benki yoyote iliyowahi kufunguliwa Moshi.

Tunachochangia ni paa. Katika kihamba cha babu yetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, hapa Old Moshi, chini kidogo ya Kidia, ukoo ulijenga msonge wa kukumbuka makazi ya wazee. Haukujengwa ili mtu alale ndani. Ulijengwa ili watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam na Mwanza, na wengine ng'ambo, wakija Krismasi wainame mlangoni, waingie, wajue babu zao waliishi vipi. Walimu wa shule za jirani huleta wanafunzi. Wageni wanaopanda kwenda kuuona mti wa Mangi Meli, chifu wetu wa zamani, nao hupita.

Wakati wa kuujenga fedha hazikutusumbua. Watu walitoa ahadi mbele ya watu, wakapigiwa makofi, wakalipa. Tulichinja, tukapika mbege, pombe yetu ya ndizi, tukapiga picha. Baada ya miaka michache masika yaliingia ndani. Kwanza tone moja juu ya mafiga, kisha upande mzima wa mashariki ukalegea, nyasi zikawa nyeusi na kunata kama samadi. Nilipoingiza kidole kwenye ufito mmoja, kilizama. Nikatuma ujumbe kwenye kundi la simu la ukoo kuomba mchango wa kuezeka upya. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili mtu alituma salamu za kuzaliwa kwa mtoto. Siku ya tatu ujumbe wangu ulikuwa umeshapotelea juu.

Nimeufikiria sana ukimya ule. Watu wetu si wachoyo. Mtu yule yule aliyenyamaza alitoa laki kadhaa kwa harusi ya binamu mwezi uliofuata. Nikaona kwamba tumejifunza kuchangia kinachoanza, na kinachohitaji kutunzwa hatujui tukiitie mchango wa namna gani, kwa sababu hakina sherehe. Lakini nikiitazama historia ya mlima huu wa Kilimanjaro, naona wazee wetu hawakuwa hivyo. Walijua kujenga, na zaidi ya hapo walijua kurudia.

Nyumba ya bibi

Nilizaliwa mwaka 1951. Bibi mzaa baba alikuwa bado anaishi katika msonge, ingawa baba alikuwa ameshajenga nyumba ya bati pembeni kwa fedha za kahawa. Ukiutazama kwa nje, msonge ulikuwa kama kichuguu kikubwa cha nyasi. Paa lilianzia kileleni likashuka karibu liguse ardhi, ukuta hauonekani. Mlango ulikuwa mfupi, na mtu mzima alipaswa kuinama. Ndani, macho yalihitaji muda kuzoea giza. Upande mmoja walifungwa ng'ombe na mbuzi, wakitafuna majani na vipande vya mgomba walivyoletewa. Upande wa pili kilikuwa kitanda cha bibi. Katikati palikuwa na mafiga matatu na moto ambao sikumbuki kuukuta umezimika kabisa hata siku moja. Juu ya moto kulikuwa na dari ya fito alikoweka kuni, ndizi za kukausha na mbegu za mahindi.

Dirisha halikuwepo. Moshi ulipanda darini, ukazunguka, ukapenya kwenye nyasi na kutoka polepole, hivi kwamba asubuhi za baridi za mwezi wa saba paa zima lilionekana linapumua. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ya bati, macho yaliniwasha, nikalalamika. Bibi alinishika mkono akaupitisha juu ya ufito wa paa. Ulikuwa mweusi, laini, unang'aa kama umepakwa mafuta. Akaniambia, "Huyu moshi ndiye fundi wangu. Wale waliojenga walikunywa mbege wakaenda kwao. Huyu hajaondoka."

Nilikuja kuelewa maneno yale nikiwa mtu mzima. Masizi ndiyo yaliyowazuia mchwa na bungua wasile miti. Joto la moto ndilo lililokausha nyasi baada ya kila mvua. Nyumba yenye moto wa kila siku ilidumu, na ile iliyohamwa ilianza kuoza msimu ule ule, hata kama ilijengwa na fundi yule yule kwa miti ile ile.

Siku ya kuezeka ikifika, haikuwa kazi ya mtu mmoja. Nyasi hazikupatikana vihambani, kwa sababu kihamba kimejaa migomba, na chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Nyasi zilifuatwa kule chini tambarare. Wanawake waliteremka alfajiri, wakakata, wakafunga, wakaupanda mlima na mizigo kichwani jua likiwachoma visogoni. Wanaume walileta nguzo, fito na kamba za maganda ya mgomba. Mwenye nyumba aliandaa mbege. Hakuna aliyelipwa, lakini hakuna aliyesahau pia. Bibi, ambaye hakujua kusoma, aliweza kutaja ni nani alimletea mizigo mingapi paa lake lilipoezekwa, na yeye alipeleka mingapi kwa nani. Deni la nyasi lililipwa kwa nyasi. Hizo ndizo safu zangu za upande wa kulia. Mimi nimezichora tu, aliyezishika kwa miaka yote ni yeye.

Maji na jembe

Kuna kazi kubwa kuliko nyumba ambayo iliendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo, nayo ni mfongo, yaani mfereji wa maji. Maji yalikingwa juu kwenye mto, karibu na msitu au ndani yake, yakaongozwa ubavuni mwa kilima kwa mteremko mdogo sana, yakavushwa juu ya makorongo kwa magogo yaliyochimbwa katikati, mpaka yakafika kwenye migongo ya vilima ambako watu waliishi na kulima. Kazi hii ilifanywa bila chombo chochote cha kupimia isipokuwa maji yenyewe na jicho la mzee aliyejua. Mifongo ya namna hiyo katika mlima huu ilihesabika kwa mamia, na Wazungu waliofika hapa karne ya 19 waliandika juu yake kwa mshangao.

Mfongo ulichimbwa mara moja, lakini ulisafishwa kila mwaka na kila palipobomoka, kizazi baada ya kizazi. Kila mfongo ulikuwa na ukoo wa aliyeuanzisha na mzee aliyeusimamia. Pembe ilipopigwa, kila kaya iliyotumia maji yale ilitoa mwanaume mwenye jembe. Asiyetokea alitozwa, na aliyezoea kutotokea alijikuta zamu yake ya maji imekwenda kwa mwingine. Maji yaligawanywa kwa zamu za asubuhi na mchana, na ya usiku yalikusanywa katika nduwa, bwawa dogo la udongo, ili yasipotee bure mtoni watu wakiwa wamelala.

Sisi wanawake hatukuruhusiwa kuikaribia kazi ile, ingawa sisi ndio tuliochota maji. Hilo nalisema wazi kwa sababu mtu akisifu mila asifiche upande wake mgumu. Lakini mpango wenyewe ulikuwa na akili kubwa. Wazee hawakungoja moyo wa kutoa uje wenyewe. Waliufunga utunzaji na manufaa katika fundo moja, kwamba unayekunywa ndiye unayechimba, na unachimba mwaka huu na mwaka ujao. Huku kwetu, kama kwa ndugu zetu Wapare, kazi ya pamoja ya namna hiyo huitwa msaragambo. Neno hilo halijafa. Hata leo kiongozi wa kitongoji akitangaza msaragambo, watu wanajua ni kubeba jembe na kwenda barabarani, kwenye mfereji au shuleni.

Mti wa Tsuduni

Kulikuwa pia na kazi iliyoitwa ya wote lakini haikuwa mchango, na ni vizuri tuitofautishe. Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, alifariki mwaka 1891, mwanawe Meli akashika kiti. Juni 1892 wapiganaji wa Meli walilishinda jeshi la Wajerumani hapa hapa Moshi, na kamanda wake, von Bülow, akafa. Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Baada ya hapo watu wa milima hii walilazimishwa kubeba mawe na mbao za majengo ya wakubwa wapya. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Msonge uliosimama kwa deni la nyasi kati ya majirani ukageuka kitu cha kuhesabiwa na karani.

Tarehe 2 Machi 1900, Meli alinyongwa kwenye mti pale Tsuduni pamoja na viongozi na wapiganaji wengine 18, wakiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi kutoka Meru na Arusha. Kichwa chake kinaaminika kukatwa na kupelekwa Ujerumani, enzi ambayo makumbusho ya huko yalikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa maelfu. Miaka michache baadaye reli kutoka Tanga ilifika chini tambarare, mwaka 1911, na mji ukaifuata. Mji mpya ulichukua jina letu, na sisi tuliobaki juu tukaitwa Moshi ya zamani.

Huenda msomaji akauliza kisa hiki kinahusiana nini na michango. Kwangu mimi kinahusiana sana. Mjukuu wa Meli, mzee Isaria Anael Meli, alitumia miongo ya maisha yake kudai kichwa cha babu yake. Aliuliza, akaandika, akasimulia, akapokea wageni, akasimulia tena. Alitoa sampuli ya vinasaba vyake ili ilinganishwe na mafuvu yaliyoko Berlin. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa huko Berlin ilitangaza matokeo: fuvu moja lililingana kabisa na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli, na mawili yalikaribiana sana na familia ya Mangi Molelia. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Pale Tsuduni mti upo, na sanamu ya Mangi ipo pembeni yake. Nikisimama pale nawaza kwamba sanamu ni kazi ya siku chache. Kilichomhifadhi Meli kwa zaidi ya miaka mia moja ni watu waliokuwa wakilitaja jina lake jioni karibu na moto wakati hakuna aliyewauliza, na mzee mmoja aliyekataa kunyamaza. Utunzaji wa kumbukumbu unafanana na moto wa bibi. Ukiuacha siku moja hakuna anayeona tofauti, na ukiuacha msimu mzima mchwa wameshaingia.

Kahawa na mkungu wa ndizi

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha ziliingia vihambani kwa njia ya kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kwanza, Kilimanjaro Native Planters Association, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa hapa Old Moshi. Wengi hukumbuka kwamba chama kile kilitafuta soko. Husahau kwamba kazi yake kubwa ilikuwa pia kuilinda mibuni isiliwe na magonjwa na wadudu, kwa kununua dawa na kuzitumia kwa pamoja. Haikutosha shamba moja kupigwa dawa wakati la jirani linalea wadudu. Mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho jengo lake kila aliyewahi kufika Moshi mjini analifahamu. Chama cha msingi kilikata senti kidogo kwenye kila kilo, na senti zile zilipokusanyika zilionekana katika maghala, barabara na madarasa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, vikaja kurudishwa miaka ya 1980. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Nakumbuka baba akisema kwamba chama ni kama mbuni, ukiukata leo unaweza kuchipua tena, lakini utangoja miaka uone tunda.

Upande mwingine lilikuwa kanisa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kidia mwaka 1896, na mwenzao maarufu kuliko wote, Bruno Gutmann, aliishi hapa kwa miaka mingi akiandika sheria na desturi zetu. Lakini ninachotaka kukionyesha hakimo katika vitabu vyake. Ni mnada wa Jumapili.

Ibada ikiisha, watu hawatawanyiki. Mzee wa kanisa anasimama nje na vitu vilivyoletwa na waumini ambao hawakuwa na fedha taslimu: mayai sita kwenye bakuli, jogoo aliyefungwa miguu, boga, chupa ya maziwa, mkungu wa ndizi. Anauinua mkungu. "Elfu tano!" "Sita!" "Saba!" Aliyeshinda analipa, kisha anasema, "Uuzwe tena." Mkungu unapanda juu mara ya pili. Nimewahi kuuona mkungu mmoja ukinunuliwa mara nne, na mara ya mwisho ukapelekwa kwa mjane mgonjwa ambaye hakuwepo. Aliyeuleta alikuwa mama mmoja ambaye mwenyewe asingeweza kutoa hata theluthi ya fedha iliyopatikana.

Mnada ule haungoji paa livuje ndipo uitishwe. Upo kila Jumapili, mvua na kiangazi, na kila mtu ana kitu cha kuleta. Ndiyo maana bati likitoboka linabadilishwa na hakuna anayejua kwamba lilitoboka. Ni mfongo ule ule, pembe ile ile, isipokuwa sasa wanawake nao wamo, na kwa kweli sisi ndio tunaoujaza.

Vitu vinavyokaa nje

Miaka ya 1980 nilipokuwa nikifundisha Dar es Salaam, niliwapeleka wanafunzi Kijiji cha Makumbusho, kwenye barabara ya Bagamoyo. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1967, na vitu vyake vikubwa haviko ndani ya kabati za vioo. Ni nyumba za makabila ya Tanzania zilizojengwa uwanjani, kila moja kwa namna ya watu wake, na ya kwetu Wachagga ikiwemo. Wanafunzi wangu waliingia, wakashangaa, wakahesabu nguzo. Msichana mmoja, mtoto wa Masasi, akauliza, "Mwalimu, mbona moto hakuna?"

Swali lile limekaa nami mpaka leo. Nyumba ya makumbusho inaonyesha kila kitu isipokuwa maisha yaliyoitunza. Inapigwa na jua na mvua kama nyumba nyingine yoyote, ila haina mpishi. Kwa hiyo ni lazima binadamu waifanyie kwa makusudi kile ambacho moshi ulifanya bila kuombwa. Naliheshimu jambo ambalo makumbusho yale yalilifanya katika miaka ya 1990, la kuanzisha siku za utamaduni ambapo jamii moja moja huja na ngoma zake, vyakula vyake na ufundi wake. Walielewa kwamba nyumba ya asili haiwezi kutunzwa na mfanyakazi mwenye ufagio peke yake. Inahitaji wenyewe.

Wala tusidhani huu ni udhaifu wa nyasi. Huko Alabama, Marekani, mwaka 1979 walisimamisha roketi ya Saturn IB kandokando ya barabara kuu, mahali paitwapo Ardmore, ili kila anayeingia katika jimbo lile aione. Ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 51, ya aina ile ile iliyorusha wanaanga. Ilisimama pale miaka 44. Jua, mvua na kutu viliifanyia kile ambacho masika yaliufanyia msonge wetu, na mwaka 2023 ikabomolewa kwa kuwa gharama ya kuitengeneza ilikuwa imefika mamilioni ya dola. Chuma kilichobuniwa kwenda angani kilishindwa kusimama nje bila mtu wa kukitunza.

Lakini nchini humo humo kuna mfano mwingine. Mwaka 2015 makumbusho ya Smithsonian yaliwaomba wananchi wachangie kulihifadhi vazi ambalo Neil Armstrong alilivaa mwezini mwaka 1969. Hawakuomba fedha ya kununua kitu kipya wala kujenga jengo. Walieleza kwamba mpira wa vazi unaharibika, na kwamba kuna kazi ya kulichunguza, kulihifadhi na kulitengenezea kabati linalofaa. Katika mwezi mmoja zaidi ya watu 9,000 walitoa zaidi ya dola 700,000. Niliposoma habari hizo nilijiuliza kwa nini wao waliitikiwa na mimi sikuitikiwa, nikaurudia ujumbe wangu wa kwanza kwenye simu. Nilikuwa nimeandika: "Ndugu, paa la msonge limeharibika, tunaomba mchango wenu." Hapakuwa na mkungu wa kuinua. Hapakuwa na jembe la kushika.

Ujumbe wa pili

Nikaandika upya. Nilikwenda na fundi, mzee ambaye ni miongoni mwa wachache huku kwetu wanaojua bado kuufunga msonge kutoka kileleni, tukapima na kuhesabu. Kisha nikautuma ujumbe kwa vipande. Mzigo mmoja wa nyasi, pamoja na gari la kuupandisha kutoka tambarare, bei yake hii. Ufito mmoja, bei yake hii. Chakula cha fundi kwa siku, kiasi hiki. Aliye karibu asiye na fedha, siku moja ya kazi. Kijana wa shule, kamba za mgomba. Nikaweka na picha ya ule ufito uliozama kidole.

Saa hiyo hiyo simu ikaanza kulia. Mmoja alichukua mizigo kumi. Mwingine akasema, "Mwalimu, niandikie fito tatu, na moja ni ya marehemu mama." Binti anayesoma Dodoma alituma shilingi 3,000 akauliza kama zinatosha mzigo. Hazikutosha, lakini nilimwandika, na mwenzake akamalizia. Wanawake watano wa jirani, ambao si wa ukoo wetu, walikuja kuniambia watashuka kukata nyasi wenyewe, kwa sababu bibi yangu aliwahi kupeleka mizigo kwa bibi zao. Sikulijua deni lile, nao hawakuwa wamelisahau. Niliwaambia aika, yaani asante, na sikuweza kusema zaidi.

Tuliezeka kabla ya vuli. Nilikaa na daftari chini ya mgomba na kuandika kila kitu, upande wa kushoto na upande wa kulia. Jioni, fundi alipofunga kilele, niliingia ndani. Nyasi mpya zilikuwa za rangi ya asali, zinanukia, na fito zilikuwa nyeupe kabisa. Uzuri ule ndio ulionitia wasiwasi. Nikakumbuka mkono wangu mdogo juu ya ufito mweusi wa bibi.

Kwa hiyo katika kurasa za mwisho nimechora safu ya saba ambayo bibi hakuihitaji. Nimeiandika "Moto". Kila Jumatano na kila Jumamosi kaya moja ya ukoo au ya jirani inakuja kuwasha moto kwenye mafiga matatu, inapika ndizi au kuchemsha maharage, inakaa mpaka kuni ziishe. Watoto hufanyia kazi za shule mlangoni. Wageni wakipita wakati huo, wanaonjeshwa. Nimegawa zamu kama zile za mfongo, na asiyetokea anatoa kuni za wiki inayofuata.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa yangu. Mjukuu wangu alikuja akikohoa, akalalamika kuhusu macho. Nikamshika mkono, nikaupitisha kwenye ufito ulio juu ya moto. Bado ni mweupe, lakini kidole chake kilitoka na alama nyembamba ya masizi. Akakitazama, akakifuta kwenye sketi. Kisha akaenda kuongeza kuni.